Njaa na Ukosefu wa Makazi katika Nchi Tajiri: Mfano wa Marekani

Marekani huzalisha chakula kingi kuliko inavyoweza kula. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo hukadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula chake hakiliwi: huozea ghalani, hutupwa na maduka au huishia kwenye mapipa ya taka majumbani. Wizara hiyohiyo ilitangaza kwamba mwaka 2023 watu milioni 47.4 waliishi katika kaya zisizo na uhakika wa chakula. Takwimu hizi mbili hutoka ofisi moja, na wengi wakiziona pamoja hukataa mojawapo. Ama chakula si kingi kiasi hicho, ama hao wenye njaa wametiwa chumvi.

Ubishi huo una historia. Aprili 1967 maseneta Robert Kennedy na Joseph Clark walizuru vibanda vya wakulima weusi katika Delta ya Mississippi, na mwezi uliofuata madaktari waliopelekwa huko walikuta watoto wenye utapiamlo dhahiri. Miaka miwili baadaye Rais Nixon aliitisha mkutano wa kitaifa kuhusu chakula na lishe, na mpango wa vocha za chakula, uliokuwa na sheria yake tangu 1964, ukapanuliwa nchi nzima. Madaktari waliporudi Delta miaka kumi baada ya ziara ya kwanza, walikuta hali imekuwa nafuu sana. Desemba 1983, hata hivyo, Edwin Meese, mshauri wa Rais Reagan, alisema hajaona ushahidi wa kuaminika kwamba kuna watoto wenye njaa, na kwamba baadhi ya watu huenda kwenye majiko ya hisani kwa sababu chakula cha huko ni cha bure. Tume iliyoundwa na Reagan ilitoa ripoti mwezi uliofuata. Ilikiri kuwa wapo wanaokosa chakula, ila ikasema hakuna njia ya kujua ni wangapi. Kwa hilo tume haikukosea, kwani hadi wakati huo hapakuwa na kipimo.

Kipimo kilianza kutumika mwaka 1995. Kila mwaka maelfu ya kaya ziliulizwa maswali 10, na zile zenye watoto maswali 18, kuhusu miezi kumi na miwili iliyopita. Je, mlihofu chakula kitaisha kabla hamjapata pesa nyingine? Je, mtu mzima alipunguza mlo au aliuruka kwa kukosa pesa? Je, kuna aliyeshinda siku nzima bila kula? Kaya iliyojibu ndiyo kwa maswali matatu au zaidi ilihesabiwa kuwa haina uhakika wa chakula. Mwaka 2023 kaya za namna hiyo zilikuwa asilimia 13.5. Ndani yake mlikuwa na kundi dogo lenye hali mbaya zaidi, asilimia 5.1 ya kaya zote, yaani kaya kama milioni 6.8, ambamo watu walikula pungufu kweli.

Wakosoaji husema kuhofu si kushinda njaa, na hoja yao ina uzito inapoelekezwa kwenye ile milioni 47 inayobandikwa kwenye mabango ya kuchangisha fedha. Hoja hiyo haifiki kwenye kundi la asilimia 5.1. Ni kweli pia kwamba hali hii si baa la njaa. Kwa kipimo cha kimataifa kilichotumika kutangaza baa la njaa Somalia mwaka 2011, miongoni mwa masharti ni vifo viwili kwa siku katika kila watu 10,000, na hakuna anayedai hayo kuhusu Marekani. Lakini kusema hakuna njaa kwa kuwa hakuna baa ni sawa na kusema hakuna malaria kwa kuwa hakuna aliyezimia. Na hao maskini wanene wanaotajwa kila mara hawathibitishi kitu, kwa sababu wanga, sukari na mafuta ndivyo vinavyojaza tumbo kwa senti chache zaidi.

Jinsi ghala lililojaa linavyokaa pamoja na sufuria tupu ilielezwa na mwanauchumi Amartya Sen mwaka 1981, alipochunguza baa la njaa la Bengal la 1943. Mtu hali kwa sababu chakula kipo, bali kwa sababu anacho cha kukipatia: shamba, mshahara au stahili ya kisheria. Mshahara wa chini wa serikali kuu ya Marekani haujapanda tangu 2009. Ni dola 7.25 kwa saa, na anayefanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima hupata dola 15,080 kabla ya kodi. Majimbo mengi yamejiwekea kima cha juu zaidi, lakini mengi ya Kusini hayajafanya hivyo. Kodi ya nyumba, umeme na mafuta ya gari havisubiri. Chakula ndicho kinachopunguzika.

Pengo hilo huzibwa na mpango wa SNAP, jina jipya la vocha za chakula tangu 2008. Mwaka 2024 ulihudumia watu wapatao milioni 42 kwa wastani wa dola sita hivi kwa mtu kwa siku. Fedha huingia kwenye kadi mara moja kwa mwezi, na zaidi ya robo tatu yake huwa zimekwisha katika wiki mbili za kwanza. Kadi hainunui sabuni, nepi wala chakula cha moto. Kuku wa kuchoma anayetolewa motoni dukani haruhusiwi. Yuleyule akishapoa na kuwekwa kwenye friji, anaruhusiwa. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi kwenye orodha ya wanaostahili, wakiwamo Wakongo wasemao Kiswahili, ambao msaada wao wa kwanza wa makazi ulipangwa kwa siku 90 tu.

Jaribio lililo bayana zaidi la hoja hiyo ya Sen lilifanyika mwaka 2021, ingawa hakuna aliyeliita jaribio. Kuanzia Julai hadi Desemba serikali ilituma kwa wazazi wengi dola 250 hadi 300 kwa mwezi kwa kila mtoto. Kiwango cha umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachojumlisha misaada, kilikuwa asilimia 5.2 mwaka huo. Malipo yaliposimama kilifika asilimia 12.4 mwaka 2022, na kaya zisizo na uhakika wa chakula zikaongezeka kutoka asilimia 10.2 hadi 12.8. Mfumuko wa bei ulichangia, lakini mashamba hayakuwa yamepungua.

Kuwahesabu wasio na makazi ni kazi ngumu zaidi. Katika miaka ya 1980 mwanaharakati Mitch Snyder alidai ni milioni mbili hadi tatu. Wizara ya nyumba ikasema mwaka 1984 kuwa ni 250,000 hadi 350,000. Naye Reagan akaeleza kwenye televisheni kwamba baadhi yao wamependa wenyewe kulala nje. Siku hizi hesabu hufanyika usiku mmoja mwishoni mwa Januari. Watu wa kujitolea hugawana mitaa, hupita na tochi chini ya madaraja, huhesabu mahema na kuchungulia magari yaliyoegeshwa yenye vioo vilivyofunikwa mablanketi. Nani yumo ndani na ni wangapi, mara nyingi hukisiwa. Usiku huo mwaka 2024 walipatikana watu 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hizo zianze kulinganishwa mwaka 2007, na kama 274,000 kati yao walilala nje. Waliolala sebuleni kwa ndugu hawamo. Shule, zinazofuata fasili nyingine ya kisheria, huandikisha zaidi ya wanafunzi milioni moja kwa mwaka wasio na makao ya kudumu, wengi wao wakiwa wamejibana kwa jamaa. Hesabu ya Januari basi ni ya chini kuliko hali halisi.

Hapa ndipo njaa na ukosefu wa makazi vinapoachana njia, jambo ambalo mijadala mingi huliruka. Njaa huwafuata maskini. Kwa wastani wa miaka 2021 hadi 2023, Arkansas iliongoza kwa asilimia 18.9 ya kaya, na New Hampshire ilikuwa ya mwisho kwa asilimia 7.4. Ukosefu wa makazi hufuata utajiri. Mississippi, maskini kuliko majimbo yote, ina kiwango kidogo kabisa cha watu wasio na makazi, ilhali California ilikuwa na 187,000 mwaka 2024. West Virginia imeathiriwa vibaya mno na dawa za kulevya, lakini haina mahema kama San Francisco. Watafiti Gregg Colburn na Clayton Page Aldern walilinganisha miji mingi katika kitabu chao cha 2022 na kukuta kwamba kinachoitofautisha ni kodi za nyumba na uhaba wa nyumba tupu, wala si kiwango cha umaskini, ulevi au ugonjwa wa akili. Ugonjwa na ulevi hueleza ni nani atakayetangulia kupoteza chumba. Idadi ya watakaokipoteza huamuliwa na soko. Mahali mishahara mikubwa inapokimbilia nyumba zisizoongezeka, wa chini husukumwa nje, na hivyo kwa makazi utajiri wenyewe ni sehemu ya chanzo. Zamani mlevi au mgonjwa alipata chumba kimoja katika hoteli duni za katikati ya mji. Nyingi zilibomolewa kati ya miaka ya 1950 na 1980.

Miji imejibu kwa njia zinazopingana. New York, kutokana na makubaliano ya mahakamani ya 1981 katika kesi ya Callahan, hulazimika kumpa kitanda anayekiomba, kwa hiyo karibu wote wasio na makazi hulala ndani. Los Angeles haina wajibu huo, na wengi hulala nje. Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba mji wa Grants Pass, Oregon, unaweza kuwatoza faini wanaolala hadharani hata kama hakuna kitanda cha kuwapa.

Njia ya tatu ilianzishwa New York mwaka 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis: mtu apewe nyumba kwanza, bila kudaiwa aache pombe kabla, kisha matibabu yamfuate humo. Ilitumika kwa upana zaidi kwa askari wastaafu, waliotengewa vocha zao za kodi pamoja na wahudumu wa kuwafuatilia. Waliohesabiwa bila makazi walipungua kutoka kama 74,000 mwaka 2010 hadi 32,882 mwaka 2024, wakati idadi ya Wamarekani wengine wasio na makazi ikipanda. Raia wa kawaida mwenye kipato kidogo naye anastahili msaada wa kodi ya nyumba kisheria, lakini bajeti hutosha takriban kaya moja kati ya kila nne zinazostahili. Zinazobaki huandikwa kwenye orodha ya kusubiri, na katika miji mingi orodha hiyo nayo imefungwa.