Taa ya Polisi si Pambo la Gari

(Maneno haya yalisemwa na dereva mstaafu wa ambulensi katika mkutano wa viongozi wa vikundi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Mimi si wakili. Mimi ni dereva. Niliendesha ambulensi kwa miaka mingi mpaka nikastaafu, na leo nimeombwa niseme juu ya zile taa za polisi na ving'ora ambavyo watu wanafunga katika magari yao ya kawaida.

Nimesikia kwamba kikundi kimoja hapa kilichanga pesa, kikanunua pikapu ya kupeleka mboga sokoni. Usiku, pikapu hiyo hiyo hupeleka wagonjwa hospitalini. Hiyo ni kazi nzuri sana, na pigeni makofi kidogo. Sasa wanachama wanauliza: je, tufunge king'ora na taa ya buluu hapo juu, ili watu watupishe njia? Fundi wa waya yuko tayari, na vifaa vinauzwa madukani mchana kweupe.

Jibu langu ni hapana. Lakini hapana bila sababu haimsaidii mtu, kwa hiyo nipeni dakika chache nieleze.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Kenya mambo ya magari yako chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake. King'ora na taa za kumetameta za buluu au nyekundu ni za magari ya dharura: polisi, zima moto, ambulensi, na magari mengine machache yaliyopewa ruhusa. Gari langu na lako ni la honi ya kawaida. Taa nyekundu ni za nyuma, hazielekezwi mbele.

Vijana wa bodaboda, nawaona mnacheka. Hata pikipiki ni chombo cha barabarani. Zile taa ndogo za buluu na nyekundu mnazofunga mbele, zinazowaka na kuzima kama za polisi, ni jambo hilo hilo.

Mtu atasema, "Lakini kifaa kinauzwa dukani, tena natoa pesa yangu na kupewa risiti!" Ndiyo. Hata panga linauzwa dukani. Risiti inaonyesha kwamba umenunua. Haionyeshi kwamba umeruhusiwa kutumia barabarani.

Kisha kuna sheria ya pili, nayo ni kali zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 105, inakataza mtu kujifanya mtumishi wa serikali na kufanya kazi kama yeye ndiye. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Kwa hiyo ukiwasha taa ya buluu ukamsimamisha mwenzako barabarani kama vile wewe ni askari, hapo hatuongei tena juu ya taa. Tunaongea juu ya jela.

Najua swali linalokuja. "Mbona tunawaona watu wakubwa wakipita na ving'ora, na wanapita upande wa magari yanayokuja, na hakuna anayewashika?" Ni kweli tunawaona, na serikali yenyewe imetoa onyo zaidi ya mara moja juu ya jambo hilo. Lakini kosa la mkubwa haliwi ruhusa kwa mdogo. Na sisi tukishikwa, hatuna wa kupigiwa simu.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Usiku mmoja nilikuwa nampeleka mama mjamzito aliyekuwa akitokwa na damu nyingi. Nesi alikuwa nyuma pamoja naye. Tulipokaribia mji tukakuta foleni ndefu, kwa sababu lori lilikuwa limeharibika. Nikawasha king'ora na taa. Hakuna aliyesogea! Nikapiga honi. Dereva mmoja wa matatu akatoa kichwa dirishani akasema, "Wewe pia unataka kutupita na uongo wako? Mwenzako amepita sasa hivi!"

Baadaye nikaelewa. Muda mfupi kabla yetu, gari dogo la mtu binafsi lilikuwa limepita hapo likipiga king'ora. Watu wakalipisha, kisha wakaona halina mgonjwa wala askari, bali vijana wanaenda zao kwenye starehe. Kwa hiyo sisi tulipofika, tulilipa deni lao.

Nesi ilibidi ashuke, atembee gari kwa gari akigonga vioo. Tulichelewa kama dakika ishirini. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Ndugu zangu, mimi sikuweza kumlaumu yule dereva wa matatu. King'ora kina nguvu kwa sababu watu wanakiamini. Hakisukumi gari la mbele. Mtu akikitumia kwa uongo, anakula imani ya watu wote, na anayekosa ni mgonjwa anayekuja nyuma yake.

JAMBO LILILOTOKEA KANADA

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi, na mfano wake umetoka mbali, lakini unatufaa.

Katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada kulikuwa na fundi mmoja wa meno bandia. Mtu huyu alinunua magari ya zamani ya polisi, yale ambayo serikali ilikuwa ikiuza kwa mnada yakichoka. Kuyanunua hakukuwa kosa. Halafu akachukua moja, aina ya Ford Taurus, akalirudishia sura ya upolisi. Akabandika michoro na nembo, akafunga taa juu ya paa, hata akaliandika namba ya kikosi, 28B11. Kuna watu walioliona na kujua kwamba analo.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 2020, katika kijiji cha Portapique, mtu huyo alianza kuwaua watu kwa bunduki na kuchoma nyumba. Akawaponyoka polisi waliokuwa wakimtafuta, akiwa katika gari lililofanana na lao. Asubuhi yake akaendelea kuua njiani. Askari mmoja aliyekuwa akimngoja mwenzake barabarani aliona gari la polisi linamkaribia, akadhani ndiye huyo mwenzake. Akapigwa risasi, akajeruhiwa. Wananchi hawakutangaziwa habari za gari hilo la uongo mpaka saa nne na dakika 17 asubuhi. Kufikia wakati alipouawa na polisi kwenye kituo cha petroli, saa kama kumi na tatu tangu aanze, alikuwa ameua watu 22. Mmoja wao alikuwa askari wa kike.

Mwaka uliofuata, 2021, serikali ya Kanada ilisimamisha uuzaji wa magari ya zamani ya kikosi hicho cha polisi, na jimbo la Nova Scotia likapitisha sheria ya kuzuia watu wasio polisi kumiliki vifaa na alama za polisi. Ilikuwa vizuri, lakini makaburi yalikuwa yameshachimbwa.

Sisi hatuna haja ya kungoja hivyo. Hata hapa kwetu, kuna mtu anayeendesha usiku asiyeogopa kusimamishwa na gari asilolijua? Kila taa ya uongo barabarani inampa mwizi mahali pa kujificha.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, kwa wenye pikapu. Kinachookoa mgonjwa ni kujipanga, si kelele. Pigeni simu hospitalini kabla ya kuondoka, ili wawe tayari. Amueni mapema dereva wa zamu ni nani na petroli inatoka mfuko gani. Mkikuta foleni, mwambieni askari wa trafiki kwamba mna mgonjwa. Mara nyingi atawafungulia njia. Kama kweli kikundi kinataka ambulensi, basi iwe ambulensi: iwe na kitanda, vifaa na mtu aliyefunzwa, na ikaguliwe. Ulizeni ofisi ya afya ya kaunti na NTSA kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Pili, kwa wanaonunua gari lililotumika. Angalieni vizuri. Kama mwenye gari wa kwanza aliacha king'ora chini ya boneti au taa za buluu nyuma ya grili, zing'olewe siku hiyo hiyo. Askari akizikuta, atamuuliza aliyeshika usukani, si aliyeuza. Na ukiuza gari la kazi, futa maandishi yake kabla ya kutoa funguo.

Tatu, ukimulikwa nyuma usiku na gari usilolijua. Usikimbie, kwa maana huenda ni polisi wa kweli. Punguza mwendo, washa indiketa ya kushoto kuonyesha umemwona, na uende polepole mpaka mahali penye watu na mwanga, kama vile kituo cha petroli, sokoni au kituo cha polisi. Funga milango. Fungua kioo kidogo tu, na uombe kwa heshima uonyeshwe kitambulisho cha kazi. Ukiwa na shaka, piga 999 au 112.

Nne, ukisikia king'ora, wewe mpishe tu. Sogea kushoto. Huwezi kujua ni nani amelala ndani. Afadhali udanganywe mara kumi kuliko kumzuia mama mmoja.

Mimi nimemaliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu kuna magari au pikipiki zenye taa za polisi? Ni nani anayeweza kuongea na wenyewe kwa upole kabla hawajashikwa?

2. Mgonjwa akizidiwa leo saa nane za usiku, gari ni la nani, dereva ni nani, na nani anapiga simu hospitalini?

3. Tunamfundishaje mtoto au mzee kutofautisha askari wa kweli na wa uongo?