Mkuu Asiyesikia la Wadogo

Hotuba ya kumkumbuka Geoffrey William Griffin, mwasisi na mkurugenzi wa Starehe



Nimeombwa niseme machache juu ya mwalimu aliyeiongoza shule moja kwa zaidi ya miaka 45, tangu siku ilipofunguliwa hadi siku alipofariki. Wako miongoni mwenu walioniuliza kabla ya kikao hiki: mkutano wa wapenda mageuzi una haja gani na habari za mwalimu mkuu? Nitajibu kwa kuwakumbusha kwamba Mkenya hajifunzi kutawaliwa siku anapopata kitambulisho. Hujifunza akiwa bado amevaa kaptura, mbele ya mwalimu wake.

Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, mwana wa afisa wa polisi wa kikoloni. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 alikuwa kijana, naye akaingia katika jeshi la King's African Rifles. Sisemi hayo kwa kunong'ona. Yeyote anayetaka kumheshimu marehemu sharti amheshimu kwa ukweli wote. Alivaa sare za upande uliowafunga baba zetu. Lakini aliyoyaona huko yalimsumbua, naye muda wake ulipokwisha alikataa kuuongeza. Akaenda kufanya kazi na wavulana waliokuwa wamefungwa kwa ajili ya Mau Mau, kwanza Manyani, kisha katika kambi ya vijana ya Wamumu. Huko aliwakuta watoto walioitwa magaidi, akaona kuwa ni watoto.

Tarehe 14 Novemba 1959, yeye pamoja na Waafrika wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua Starehe jijini Nairobi. Tusiwasahau wawili hao, maana historia ina tabia ya kuandika jina moja tu juu ya mlango. Mali yao ilikuwa mabanda mawili ya mabati yaliyotolewa na kampuni za mafuta. Wanafunzi wao walikuwa wavulana wa mitaani, wale ambao mji uliwaita chokora na kuwapita. Haikuanzishwa na serikali, wala haikuanzishwa na misheni. Ilisimama kwa michango, na Griffin hakuona haya kuitwa ombaomba kwa ajili yake.

Mabanda yale yakawa mojawapo ya shule mashuhuri kabisa nchini. Wengi wa wanafunzi wake hawakulipa karo, na waliojiweza walilipa. Mwana wa waziri na mwana asiyejua babake walilala bweni moja, wakala chakula kimoja. Waliomaliza masomo walitakiwa kwenda kujitolea kwa muda bila mshahara, wakiwatumikia wananchi, ili wajue kwamba elimu waliyopewa ni deni. Serikali ya Kenya huru nayo ilimwita, na tangu 1964 hadi 1988 alikuwa pia mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Lakini ndugu zangu, sikuja kusifu majengo wala matokeo ya mitihani. Nimekuja kusema juu ya baraza.

Katika lugha yetu, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa watu kuketi na kusemezana. Serikali ya mkoloni ililichukua neno hilo ikalipa chifu, na tulipopata uhuru tukaliacha mikononi mwa chifu vile vile. Baraza likawa mahali ambapo mmoja husema na wote hupiga makofi. Hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 1997, wananchi hawakuweza hata kuitisha mkutano wao wenyewe wa hadhara bila leseni.

Sasa fikirini juu ya Starehe katika miaka hiyo hiyo. Griffin aliwakusanya wavulana wake barazani, na mvulana yeyote aliruhusiwa kusimama akauliza, akalalamika, akakosoa. Chakula ni kibaya? Sema. Kiranja ameonea mtu? Sema. Sharti lilikuwa adabu, na mkubwa alikuwa na wajibu wa kujibu. Nchi yenye bunge, magazeti na katiba iliogopa swali la mtu mzima. Shule ya watoto waliookotwa barabarani haikuogopa swali la mtoto.

Wala msidhani ulikuwa ulegevu. Starehe ilijulikana kwa nidhamu kali, gwaride, na kengele isiyochelewa. Griffin aliamini kwamba nidhamu na kusikilizana ni mapacha, na kwamba shule ambamo mkuu hasikii hatimaye husema kwa moto. Tumeuona moto huo. Mwaka 1991, wasichana 19 walikufa usiku mmoja katika shule ya St. Kizito. Mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli. Kila msiba ulikuwa na chanzo chake, nami sithubutu kusema kwamba baraza moja lingewaokoa wote. Nasema tu kwamba mahali ambapo malalamiko hayana mlango, hutoka kwa dirisha, na watoto wasio na hatia hukanyagwa.

Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tumewasomea watoto wetu tangu chekechea, na ni ya kweli. Lakini ina nusu ya pili ambayo hatukuisema: mkuu asiyesikia la wadogo, nyumba yake yote huvunjika guu.

Ndugu Mwenyekiti, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami sitaki kulitia maji tembo la marehemu. Yako mambo mawili ambayo sisi, kwa msimamo wetu, hatuwezi kuyafumbia macho.

La kwanza: miaka 45 ni mingi. Tulipigania kifungu cha 2A kiondolewe, kikaondolewa Desemba 1991. Tukadai rais asipite vipindi viwili. Je, tutamsifu mtu aliyekaa kitini mpaka kifo? Nadhani jibu la haki ni hili: yeye mwenyewe hakuiba kiti, bali alijenga nyumba, lakini nyumba inayomtegemea mjenzi mmoja humwachia mrithi wake mzigo mzito kupita kiasi. Kila aliyemfuata amepimwa kwa kivuli chake.

La pili ni zito zaidi. Baraza lile lilikuwa hisani. Mvulana alisema kwa sababu mkurugenzi alipenda asikie. Angekuja mwingine asiyependa, mvulana angenyamaza. Hisani ya mtu mwema ni jambo jema, lakini si haki. Haki ni kitu ambacho mtu mbaya akiketi kitini, bado hawezi kukuondolea. Ndiyo maana tulidai katiba mpya hadi tukaipata mwaka 2010, wala hatukuomba tu tupewe viongozi wenye huruma.

Hii ndiyo heshima ninayoomba tumpe Griffin: alilolifanya kwa moyo, sisi tulifanye kwa sheria na kwa desturi. Wazazi, mnapoitwa shuleni, msiulize alama tu. Ulizeni: mtoto wangu akiwa na lalamiko, atalisemea wapi, na nani ana wajibu wa kumjibu? Walimu wenzangu, wekeni siku ya baraza, iandikwe katika ratiba, isifutwe kwa sababu mkuu ana hasira. Nanyi vijana, jifunzeni kusimama na kusema kwa adabu, bila jiwe mkononi.

Griffin alifariki tarehe 28 Juni 2005, baada ya kuona kituo cha wasichana cha Starehe kikifunguliwa mwaka huo huo. Alizikwa shuleni, kati ya watoto wake. Watoto wake nao wametawanyika kote nchini, katika hospitali, mahakama, viwanda na madarasa. Wengi wao walifika pale wakiwa hawana kitu. Waliondoka na elimu, na pia na kumbukumbu ya mtu mzima aliyenyamaza ili wao waseme.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.