Usingizi Salama wa Mtoto Mchanga: Elimu Isiishie kwa Mama



Upo msiba unaoingia nyumbani bila hodi. Mtoto wa miezi mitatu hunyonya jioni, hulazwa akiwa mzima, na alfajiri hukutwa amekata roho. Hakuwa na homa wala hakulia usiku. Madaktari wakichunguza na wasione sababu, hukiita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Mtaani hakikosi majina mengine: mama kamlalia mwanawe, jirani ana jicho baya, sindano ya kliniki imemuua. Mwanamke aliyefiwa hujikuta ameshtakiwa kabla matanga hayajaanuliwa.

Vifo hivi huwapata watoto wasiotimiza mwaka, na vingi hutokea kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Ndio umri uleule wa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kukutana huko kwa tarehe ndiko kulikoizushia chanjo lawama, ilhali tafiti zimeonesha kwamba watoto waliochanjwa hawafi hivyo zaidi ya wengine; hatari yao huwa ndogo zaidi.

Nchini New Zealand, ambako misiba hiyo ilikuwa mingi mno, watafiti walizichunguza familia tangu mwaka 1987 hadi 1990. Waliyoyaona hayakuhitaji dawa mpya wala mashine. Watoto waliolazwa kifudifudi, waliozaliwa na mama wavutaji sigara, au wasionyonyeshwa, ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Katika miaka michache vifo hivyo Uingereza vilipungua kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa wazazi walielezwa namna ya kumlaza mtoto.

Inafaa kukumbukwa kwamba hapo awali wataalamu wenyewe ndio waliopotosha. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni, tangu miaka ya 1950 alishauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa hofu ya kupaliwa na matapishi. Bibi anayesema hivyo leo hastahili kuchekwa, anastahili kuelezwa. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo anachocheua hurudi chini na kumezwa. Akilala kifudifudi, mpangilio huo hupinduka. Alale chali kila usingizi, wa usiku na wa mchana. Kulalia tumbo kuachiwe saa za kucheza, akiwa macho na mtu mzima akimwangalia.

Maziwa ya mama nayo yana sehemu yake katika kinga hii, na si ndogo. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba watoto walionyonyeshwa kwa angalau miezi 2 walikuwa na hatari iliyopungua kwa karibu nusu, hata pale walipochanganyiwa maziwa mengine. Mtoto anayenyonya huzinduka usingizini kwa wepesi zaidi, na maziwa hayo humkinga na maradhi ya kifua na ya kuhara. Ushauri wa kliniki unabaki uleule: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama ambaye maziwa yake hayatoshi asikate tamaa, kwani hata kiasi kidogo kina faida.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku kwa ajili hiyo. Wapo wauzaji wa maduka na wasaidizi wa nyumbani ambao hawajapata kuisikia, na waajiri wao hawana haraka ya kuwatajia.

Upungufu mkubwa wa elimu hii ni kwamba hutolewa kwa mama peke yake, kwenye benchi la kliniki. Akifika nyumbani, si yeye tu anayemlaza mtoto. Yupo baba, yupo bibi, yupo binti wa kazi wa miaka kumi na minane. Huyo asiyeambiwa ndiye humlaza mtoto kwa tumbo ili anyamaze, au humvika sweta mbili na kofia ya sufi mchana wa jua, na joto la kupita kiasi nalo ni hatari.

Mahali salama zaidi ni katika chumba cha mama, juu ya godoro lake mtoto mwenyewe, gumu na tambarare, chandarua kikiwa kimechomekwa vizuri. Nyumba nyingi zina kitanda kimoja tu. Hapo mito na mablanketi mazito yakae mbali na uso wa mtoto, wala asilale na mtu aliyelewa au anayevuta sigara. Kulala naye kwenye kochi ni hatari kuliko kitandani. Wamaori wa New Zealand husuka susu la majani, liitwalo wahakura, wakaliweka kitandani kando ya mama. Mtoto huwa karibu na ziwa, lakini ana nafasi yake.

Aliyetimiza yote haya bado anaweza kufiwa, kwa maana hatari hupungua, haiishi. Mama wa namna hiyo apewe pole, na mhudumu wa afya wa kitongoji aitwe aketi naye.

Kwa mujibu wa sera, huduma za watoto wasiotimiza miaka 5 hazilipiwi katika vituo vya umma. Mama anapokwenda kliniki ya wiki ya 6, aongozane na yule atakayebaki na mtoto nyumbani.