Mkono Hudanganya

Mtoto akiugua, sisi hushika paji la uso tukasema, "Ni joto kidogo tu." Lakini mkono hudanganya. Tujaribu hapa: mkono mmoja ndani ya maji baridi, mwingine ndani ya maji moto kiasi, halafu yote miwili kwenye maji vuguvugu. Mmoja utasema moto, mwingine baridi. Na maji ni yale yale!

Basi kikundi kinunue kipimajoto cha betri. Tukiweke kwapani, tubane mkono wa mtoto mpaka kilie. Kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa: dispensari siku hiyo hiyo, apimwe malaria. Kikisoma chini lakini mtoto amelegea au hanyonyi, pia tusingoje.