Hadithi Inapofanywa Mchezo



Msomaji wa kitabu huelezwa hata mawazo ya watu. Mtazamaji wa mchezo huona matendo na kusikia maneno tu. Kwa hiyo mwenye kugeuza hadithi kuwa mchezo hupunguza masimulizi, huchagua mahali pachache, na mengine yote huyatia vinywani mwa wachezaji. Ni kazi ya akili. Lakini hadithi ni mali ya nani?

Mwaka 1886 Bibi Frances Hodgson Burnett alitoa kitabu kiitwacho Little Lord Fauntleroy. Mwaka 1888 Bwana E. V. Seebohm akakifanya mchezo huko London pasipo idhini yake. Sheria ya Uingereza ya siku zile haikukataza kuicheza hadithi ya mtu, ila kunakili kitabu chake. Wachapaji wakashitaki, ikathibitika ya kuwa maneno mengi ya kitabu yalinakiliwa katika karatasi za mchezo, nao wakashinda. Bibi Burnett akatunga mchezo wake mwenyewe, ukachezwa London mwaka ule ule. Kisha sheria ya mwaka 1911 ikampa mwandishi haki ya kuruhusu au kukataza.

Basi atakaye kuicheza hadithi ya mwenziwe, na apige hodi kwanza.