Tusiwafungie Mlango: Funzo la Faza Nelly kwa Vijana wa Mpanda

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Mpanda mjini)



Nimeombwa niseme machache kuhusu vijana na vipaji. Nitaanza na kijana mmoja wa Arusha.

Jina lake la sanaa lilikuwa Faza Nelly. Mwaka 1996 yeye na wenzake, baadhi yao ndugu wa damu, walianzisha kundi la X Plastaz. Wakati ule wengi waliorap waliiga Wamarekani, mavazi na lafudhi. Kundi hili likajaribu jambo jipya: likamkaribisha Merege, mwimbaji wa Kimaasai, aimbe kama wanavyoimba kwao. Nyimbo za Kimaasai hazitegemei gitaa wala ngoma. Mmoja huanzisha, wengine humwitikia kwa sauti nzito ya kooni, na pumzi zao ndizo zinazoshika mapigo. X Plastaz waliuweka mwitikio huo pamoja na midundo ya hip hop, kisha wakamimina juu yake mashairi ya Kiswahili. Merege alipanda jukwaani na shuka lake na shanga zake.

Mwaka 2004 kampuni moja ya Ujerumani ilitoa albamu yao, Maasai Hip Hop, nao wakapiga muziki hadi Ulaya. Mwaka 2006 Faza Nelly aliuawa huko Arusha, angali kijana. Wenzake walihuzunika lakini hawakuacha. Mwaka 2009 mmoja wao, Gsan, alirap kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za kituo cha televisheni cha BET, Marekani. Kilichowafikisha huko ni lugha yao na mila za jirani zao.

Ndugu zangu, wimbo wao mmoja una jina la swali: Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki? Swali hilo lilinichoma, na nitawaambia kwa nini.

Vijana wa parokia yetu walikuwa wakikutana ukumbini kufanya mazoezi ya muziki wa kizazi kipya. Baadhi yetu tulisema huo ni uhuni. Kamati ikapiga kura, wakafungiwa mlango. Mimi nilinyoosha mkono kuunga mkono. Sikuwa nimewasikiliza hata siku moja. Wengine wao sasa wako machimboni, wengine wanashinda stesheni wakipakua mizigo ya treni ya Tabora. Mwito wa vijana kanisani umepungua, nasi tunauliza wamekwenda wapi!

Mkoa wetu wa Katavi una utajiri wa sauti. Tunao Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wasukuma. Tunao ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wamekuwa raia wenzetu. Kijana anayetaka kuchanganya wimbo wa bibi yake na rap ya leo hana haja ya kwenda mbali. Anahitaji mahali pa kukaa na mtu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kamati iwarudishie ukumbi, Jumamosi alasiri tu, wakiwa na mlezi. Pili, kila kigango kitoe mzee mmoja wa kuwafundisha nyimbo za asili na maana zake. Tatu, wafadhili wetu, hatuombi studio. Tunaomba kinasa sauti, spika mbili na umeme wa jua wa kuviendesha. Vijana wenyewe watafagia ukumbi na kutunza vifaa. Kamati itatoa taarifa ya matumizi kila robo mwaka.

Wakiimba vibaya, tuwarekebishe. Lakini anayerekebishwa lazima awe ndani ya nyumba.

Kura ile nilikosea. Leo naomba ipigwe tena, na safari hii tuwasikilize kwanza.