Ulinzi wa Wachache Uanzie Ofisi ya Kijiji
(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wahisani)



Nimeombwa nieleze namna vyombo vya serikali vinavyoweza kulinda haki za watu walio wachache. Hapa Rukwa hatuna haja ya kutafuta mfano mbali: tunao ndugu zetu wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya 16,000 nchi nzima. Kijijini anaweza kuwa mmoja tu, na kura moja haimtishi mgombea yeyote. Mtu wa namna hiyo anaihitaji sheria kuliko sisi tulio wengi.

Wenyeji husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hata hivyo, Februari 2013 mama mmoja mwenye ualbino mkoani kwetu alikatwa mkono. Machi 2015, katika kijiji cha Kipeta, bonde la Ziwa Rukwa, mtoto wa miaka sita alikatwa kiganja. Chanzo ni imani potofu kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri.

Je, tulikosa sheria? Hapana. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Tiba Asili ya mwaka 2002 inataka waganga wasajiliwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Haikupita miezi mitatu, yakatokea ya Kipeta. Tamko lilitoka juu, lakini kule bondeni alihitajika mtu wa kulisimamia.

Tusidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa mkoani Kagera, na miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwamo baba yake mzazi na mtumishi wa dini. Hukumu ni kazi ya mahakama, ila sisi wa makanisani tusijitoe kwenye somo hilo. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba nchi yetu haikuwapa ndugu hawa ulinzi wa kutosha.

Kwa hiyo tuzitazame ofisi zilizo karibu nasi. Nataja mambo manne.

Kwanza, mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wajue kila mtu mwenye ualbino anaishi wapi na analala na nani. Orodha hiyo itunzwe kwa siri, kwa maana ikiangukia mikono mibaya inageuka ramani ya wauaji.

Pili, polisi na waendesha mashtaka wamlinde shahidi. Mara nyingi mtuhumiwa ni ndugu au jirani. Shahidi akiogopa kurudi nyumbani, kesi inakufa.

Tatu, afya. Saratani ya ngozi nayo inaua, tena kimya kimya. Baridi ya Ufipa inatudanganya: mwinuko wetu ni mkubwa, na jua lake linaunguza ngozi hata tukiwa tumevaa sweta. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi. Halmashauri iyaweke kwenye bajeti kama inavyoweka dawa nyingine.

Nne, shule. Mtoto mwenye ualbino huwa haoni mbali. Akae mbele, aruhusiwe kuvaa kofia, apewe maandishi makubwa. Watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Walisalimika, lakini wengine walikaa miaka mingi bila wazazi. Ulinzi kamili ni ule unaomwezesha mtoto kulala kwao.

Wahisani wetu, naomba mnielewe. Fedha yenu ikinunua mafuta kila mwaka, halmashauri haitaona sababu ya kuyatengea fungu. Afadhali itusaidie kuwafundisha wananchi kudai, na viongozi kuwajibika.

Nanyi wajumbe, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hudhurieni. Ulizeni kama kamati ya watu wenye ulemavu inayotajwa katika sheria ya 2010 ipo, na imekutana lini. Ulizeni ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018 kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, imemfikia nani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mwenye ualbino akisimama kuuliza peke yake, ni rahisi kumpuuza. Usharika mzima ukiuliza pamoja naye, kiongozi atalazimika kujibu.